Njia ya Mackinnon

Wasikilizaji wetu, leo twawaletea habari za njia moja fupi iliyotoka Dar es Salaam kuelekea bara. Ilikusudiwa kufika mbali sana, nayo haikufika.

Mwaka 1876 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alipiga marufuku misafara ya watumwa itokayo bara. Lakini amri peke yake haimlishi mtu. Wenye kuichukia biashara ile walisema kwamba yafaa biashara ya halali ifunguliwe njia, ili watu wapate faida pasipo kuuzana. Zama hizo pembe za ndovu na majora ya nguo yalichukuliwa na wapagazi, kila mmoja mzigo wa ratli 60 au 70. Gari moja la ng'ombe lingeweza kuchukua mizigo ya watu wengi.

Basi William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, na Thomas Fowell Buxton wa Uingereza walipata ruhusa ya Sultani, na mwaka 1877 kazi ikaanza. Miti ilikatwa na vichaka vikafyekwa katika nchi ya Uzaramo. Mwisho wa njia ungekuwa Ziwa Nyasa, mwendo wa zaidi ya maili 400.

Lakini palikuwa na adui mdogo, naye ni mbung'o. Amwumapo ng'ombe humtia ugonjwa wa nagana, mnyama akakonda hata akafa. Maksai wa kuvuta magari hawakuweza kuishi njiani. Mwaka 1881, njia ilipokuwa imefika kama maili 73, kazi iliachwa, na mzigo ukabaki begani mwa mpagazi.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ile ile. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi halili majani, wala mbung'o hawezi kulidhuru.

Twajifunza nini? Nia ilikuwa njema, fedha zilikuwapo, na shoka zilikuwa kali. Lakini Wazaramo walikuwa wakulima, na ng'ombe kwao walikuwa haba. Nchi yenye majani mengi isiyo na ng'ombe ina sababu yake. Sababu hiyo yafaa tuiulize kwa wenyeji kabla hatujashika shoka, maana njia si upana wake tu, bali ni kile kiwezacho kupita juu yake.