Beryl Markham, 1936: esansi iko, moteri inazima

Sisi wenye tulishawasha motopompe ku mashamba tunajua hii: tangi imejaa, unavuta kamba, moteri inalia dakika chache halafu inazima. Unaangalia bushoni, unakuta kale katundu ka kupitisha hewa kameziba na udongo. Esansi iko, lakini hewa isipoingia nyuma yake, haishuki. Kitu kama hicho njo kilimwangusha mwanamke mmoja kisha kuvuka bahari ya Atlantike.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, lakini alikomalia Njoro, kule Kenya, na Kiswahili alikijua tangu utoto. Alikuwa piloti wa ndege ndogo: kubeba barua, abiria, hata kutafuta tembo toka juu kwa ajili ya wawindaji matajiri (hiyo kazi mimi siisifu). Alizoea kushuka pahali penye hapana uwanja.

Tarehe 4 Septemba 1936, mangaribi, aliruka toka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuelekea New York. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa na moteri moja, na radio hapana. Kwenda upande wa magharibi njo kugumu, juu upepo unakupiga usoni na esansi inaisha mbio. Kwa hiyo waliongeza matangi ndani ya ndege, lakini bila kipimo: alipaswa kungojea moja ikauke, moteri inyamaze, halafu afungue robine ya ingine. Usiku, katikati ya bahari, ikanyamaza kweli. Akili inakuambia uinue pua ya ndege. Hapana! Piloti anaisukuma chini, juu ndege yenye kukosa mwendo inaanguka kama jiwe. Ndivyo alifanya, na moteri ikashika tena wakati alikuwa karibu na maji.

Ilibaki tangi ya mwisho. Nchi kavu ya Kanada ilishaonekana wakati barafu iliziba njia ya hewa ya tangi hiyo. Moteri ikakohoa, ikashika, ikakohoa tena. Yeye anafungua robine, anafunga, anafungua. Ilipokufa kabisa, mbele yake palikuwa tu mawe na matope, pa Baleine, ku kisiwa cha Cape Breton. Akashuka hapo. Magurudumu yakazama, pua ikajichoma ndani ya matope. Alipasuka ku paji la uso, lakini akatoka na kutembea kwa miguu yake, kisha zaidi ya saa 20 hewani.

Kuna wenye wanaweza kusema alishindwa, kwa sababu ndege yake haikufika New York. Mimi sikubali. Kabla yake hakuna mwanamke mwenye alivuka Atlantike peke yake, bila kutua, toka mashariki kwenda magharibi. Na watu wa New York hawakubishana: alipofikishwa kule na ndege ingine, walijaa barabarani kumpokea.