Kitabu cha Ayubu

Kitabu cha Ayubu ni kitabu cha Agano la Kale chenye sura 42, kilichoandikwa kwa Kiebrania. Mwanzo na mwisho wake ni hadithi ya nathari. Katikati ni ushairi. Ayubu, tajiri mcha Mungu wa nchi ya Usi, anapoteza mifugo, anafiwa na watoto wake 10, kisha anashikwa na majipu mwili mzima. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari wanakaa naye siku 7 bila kusema neno, na pengine hapo ndipo walipomfaa zaidi. Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, wanamng’ang’aniza kwamba lazima alitenda dhambi. Anakataa, na kumtaka Mungu ajieleze. Mungu anajibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, lakini sababu ya mateso haitaji: anauliza kuhusu bahari, nyota na wanyama wa porini. Ayubu ananyenyekea. Hata hivyo wanaokemewa ni wale marafiki, si mlalamikaji.

Katika Uislamu Ayubu ni nabii na kielelezo cha subira. Kisa chake kimetungiwa pia Utenzi wa Ayubu, mmoja wa tenzi za kale za Waswahili.