Haki ya Meno kwa Wenzetu Wenye Ulemavu

Wazee wetu na wanachama, twaomba mwaka huu tukumbushane habari isiyosemwa sana barazani. Zamani kila mtu alijisugulia mswaki wa mti. Asiyeweza kuinua mkono alimtegemea mama au nduguye, na jino likioza lilikuwa la kung'olewa tu.

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno nchini mwetu. Mwaka 2008 Kenya iliuthibitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 25 chataka watibiwe kwa ubora ule ule wapatao wengine. Katiba ya 2010 nayo ikampa kila mtu haki ya afya.

Lakini sheria haipandi ngazi. Chumba cha daktari kikiwa orofani, mwenye kiti cha magurudumu hubaki chini na maumivu yake. Kiziwi hawezi kuisoma midomo iliyofunikwa barakoa. Mwenye kifafa atumiaye dawa ya fenitoini aweza kuvimba ufizi, hasa kinywa kisiposafishwa vema.

Kwa hiyo yatupasa kuomba mambo matatu: chumba cha meno kiwe chini, maelezo kwa kiziwi yaandikwe au yatolewe kwa ishara, na walezi wafundishwe kumsafisha meno asiyejiweza. Hayo yakitimizwa, haki iliyoandikwa itamfikia mwenyewe.