Seli T na kipande cha bakteria: historia ya ugunduzi

Seli T, yaani seli nyeupe za damu zinazokomaa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, kwa kawaida hazimtambui bakteria akiwa mzima. Hutambua kipande chake, tena kilichoandaliwa na kuoneshwa na seli nyingine, na jambo hilo lilichukua muda mrefu kubainika. Tangu mwaka 1882, Élie Metchnikoff alipofanya uchunguzi wake Messina, ilijulikana kwamba zipo seli zinazomeza vijidudu, ila kwa miaka mingi kumeza huko kulihesabiwa kuwa ni kuua tu.

Katika miaka ya 1970, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionesha huko Canberra, Australia, kwamba seli T humtambua mvamizi pale tu anapoonekana pamoja na protini za mwili wenyewe ziitwazo MHC. Swali likabaki: kinachooneshwa ni nini hasa?

Jibu lililo bora kuliko yote, kwa usahili wake, lilitoka kwa Emil Unanue, mzaliwa wa Havana, na mwenzake Kirk Ziegler, waliochapisha kazi yao mwaka 1981 na 1982. Walizipa makrofaji, yaani seli mezaji, za panya bakteria aitwaye Listeria, wakaona kwamba humezwa kwa dakika chache, ilhali seli T hazikujishika kwenye makrofaji hizo mpaka ipite nusu saa hadi saa nzima. Makrofaji zilipogandishwa kwa kemikali mara tu baada ya kumeza, seli T hazikushika kitu; zilipogandishwa baada ya saa moja, zilishika vizuri. Walipotia klorokwini, dawa ile ile iliyotibu malaria Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ambayo hupunguza asidi katika vifuko vya kumeng'enyea vilivyo ndani ya seli, uoneshaji ulidhoofika. Kumeng'enya, basi, ndiko kulikokuwa maandalizi yenyewe.

Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wa Harvard walichapisha umbo la HLA-A2, mojawapo ya protini za MHC za binadamu, likiwa na mfuo juu yake unaobeba peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Hata hivyo, mwaka 1994 watafiti wa Boston walithibitisha kwamba protini nyingine ya binadamu, CD1b, huzionesha seli T asidi ya mikoli, ambayo ni mafuta ya ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, wala si protini.