Vipande Vinane: Kutoka Leso za Pwani Hadi Cherehani za Mugumu

Mabibi harusi wa msimu huu wanatuulizia sana kile kitambaa cha duara cha kati ya meza, cha vipande vya pembe vilivyounganishwa na kudariziwa. Wengi wanadhani kimetoka Ulaya. Lakini kuunga vipande ni kazi ya bibi zetu. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua leso zilizokuja zimechapwa kwenye jora, wakachukua sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kuwa nguo moja. Ndiyo kanga hiyo. Wafanyabiashara walipoona inapendwa wakaanza kuichapa nzima. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887.

Sisi tuliguswa na kitambaa hiki kwa sababu ya mteja wetu mmoja, mzaliwa wa Tarime. Kwao, kwa Wakurya, kwa muda mrefu binti hakuhesabiwa mwari wa kuolewa kwa ng'ombe mpaka akeketwe. Ni mila. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilikataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, lakini utafiti wa afya wa 2015-16 bado ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu mkoani Mara amekeketwa. Kila Desemba, shule zikifungwa, wapo mabinti wanaotoroka usiku. Wa Tarime hukimbilia Masanga. Wa Serengeti huenda Mugumu, kwenye nyumba salama ya Hope for Girls and Women, shirika lililoanzishwa 2017 na Bi Rhobi Samwelly.

Msimu ukipita, wazazi huitwa mbele ya polisi na ustawi wa jamii. Wakikubali kwa maandishi kwamba hawatamkeketa, binti hurudi nyumbani. Wasiokubali, binti hubaki. Na huyo anayebaki ataishi vipi? Ndipo cherehani inapoingia, maana ushonaji ni mojawapo ya ufundi wanaofundishwa. Sisi tuliosomea cherehani tukiwa tunalala kwa mama zetu tulinyamaza kidogo tuliposikia hayo.

Sasa kazi yenyewe. Kata vipande vinane vya pembe, kila kimoja nyuzi 45, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Vitenge viwili vya rangi tofauti vinatosha, ukivipishanisha. Kanga pia inafaa, ila usikate jina lake, utajuta. Unga vinne, na vinne vingine, kisha mshono mmoja wa katikati, na pasi kila hatua. Hapo kwenye mishono ndipo wengi huharibu: ukiila nguo zaidi ya ile sentimita kuelekea ukingoni, duara halilali, linasimama kama kawa la kufunikia chakula. Ukiila pungufu kuelekea huko, ukingo unajikunja mawimbi. Chetu cha kwanza kilikuwa kawa kabisa.

Juu ya pamba nyembamba weka bitana, uso wake ukitazama juu, kisha duara lako, uso chini. Shona kuzunguka, acha uwazi wa kupitisha mkono, geuza, uzibe kwa sindano. Mwisho darizi kufuata mishono, ukianzia katikati kwenda nje, nguo isikusanyike.