HTNA: Uwanja wetu wa Nachingwea na mhandisi wa Tanga

Mimi mzima, bumu tu ndiyo bado. Leo tuweke pembeni stori za tesiti, niwape historia kidogo. Ndilo somo nitakaloenda kufundisha, sasa nyie mkisinzia hapa sijui Fomu Tuu itakuwaje!

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Marambo. Jioni moja babu akaanza stori zake za Nachingwea ya karanga. Enzi hizo alikuwa mtoto mdogo, anasema ndege ikinguruma tu wote mbio nje kuangalia juu. Mradi wenyewe mnaujua: Waingereza waliuanza mwaka 1947, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Zikateketea pauni milioni 36 hivi, na Januari 1951 wakakubali kwamba umeshindikana. Reli ya kutoka Mtwara nayo ikafungwa 1962, mataruma yakang'olewa. Uwanja wa ndege ukabaki.

Basi babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, nyie mnaosoma, hivi ni nani anayeamua uwanja uweje ndiyo ndege itue salama?" Nikabaki natoa macho. Mwaka wa pili chuo kikuu, jamani!

Niliporudi campus nikazama maktaba. Kumbe uwanja wetu una jina la herufi nne: HTNA. Wa Mtwara ni HTMT, wa Lindi HTLI, wa Dar HTDA. HT ni Tanzania. Majina haya yanatoka ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambalo chimbuko lake ni mkataba wa Chicago wa Desemba 1944. Makao yake yako Montreal, Kanada. Masharti ya viwanja yako kwenye Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo, kilichopitishwa mara ya kwanza 1951, mwaka uleule karanga zilipowashinda Waingereza. Humo mna upana wa njia ya kurukia, taa, alama, mpaka magari ya zimamoto. Hata zile namba kubwa zilizochorwa kwenye lami zina maana: ukiona 09, ujue ndege inaelekea nyuzi 90 za dira, yaani mashariki.

Wanaoyachambua masharti hayo kabla hayajapitishwa ni kamisheni ya wataalamu 19. Nchi zinapendekeza majina, lakini ukishakaa pale unasimama kwa utaalamu wako, sio kwa bendera yako. Na hapo ndipo nilipokutana na Mtanzania mwenzetu: Mhandisi Omari Nundu, mtoto wa Tanga, aliyezaliwa 1948. Huyu bwana alifika mpaka kuwa rais wa kamisheni hiyo! Nikajiuliza, mbona darasani sijawahi kulisikia jina hili?

Nadhani sababu ni kwamba wengi tunamkumbuka kwa siasa tu. Mwaka 2010 aligombea ubunge wa Tanga Mjini kwa CCM, akashinda, na Rais Kikwete akampa Wizara ya Uchukuzi. Alipokea mzigo mzito. Machi 2011 ndege pekee ya ATCL iliyokuwa ikiruka ilipelekwa matengenezo, shirika likabaki halina safari hata moja. Bandari ya Dar nayo ilikuwa na malumbano yake. Aprili 2012 ripoti ya CAG ikawasha moto bungeni, wabunge wakataka mawaziri wawajibike, na mwezi Mei Kikwete akapangua baraza. Mawaziri sita wakatoka, Nundu akiwemo. Jumla alikaa wizarani kama miezi 18 tu.

Simtetei, waziri lazima aulizwe maswali. Ila sisi wa historia tuna kaugonjwa ka kupima maisha ya mtu kwa cheo kilichotangazwa redioni. Kazi ya mhandisi wa anga ikienda vizuri hakuna habari: ndege imetua, abiria wanagombania mabegi, basi. Nani atampigia makofi mtu aliyekaa Montreal akibishania alama za lami? Lakini rubani anayetua Songwe au Pemba anazitegemea alama hizo, awe anamjua Nundu au hamjui. Uwaziri ulikwisha baada ya miezi 18, masharti yale bado yanatumika.

Mzee Nundu alifariki Septemba 2019. Mwezi mmoja kabla, Agosti 1, jengo la tatu la abiria la uwanja wa Julius Nyerere lilikuwa limezinduliwa, la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Picha za uzinduzi zilijaa kila mahali.

Juzi nikampigia babu nikamweleza yote. Akakaa kimya kidogo, nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Kumbe Mswahili mwenzetu, wa Tanga? Sisi tulijua ni Wazungu tu." Miaka zaidi ya sabini anaangalia ndege akiamini hivyo!

Nikienda BTP hilo ndilo litakuwa somo langu la kwanza. Nitaanza kwa kuandika ubaoni herufi nne, HTNA, halafu nione nani atanyoosha mkono.

Haya, ngoja niwahi foleni ya wali maharage. Tuonane wiki ijayo.