Zana za Mwashi: Tezo na Jiwe Bichi

Kitangari, juu ya uwanda wa Wamakonde, ni nchi ya mchanga. Nyumba zake za asili zilikuwa za miti na udongo, na sifa ya kuchonga ilikuwa ya mpingo. Atafutaye maneno ya uashi hana budi kushuka: ama magharibi hata Masasi penye majabali, ama pwani hata Kilwa.

Kilwa Kisiwani, waashi waliojenga Husuni Kubwa na kupanua Msikiti Mkuu katika karne ya 14 walitumia mawe ya namna mbili. Mawe ya kuta yalivunjwa kwa nyundo, yakafunikwa kwa chokaa. Bali miimo ya milango, mihrabu na nakshi zilitoka katika matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi. Tumbawe bichi huchongeka kwa shoka na tezo mfano wa mti. Likikaa nje ya maji hukauka, likawa gumu. Fundi alishindana na muda kuliko jiwe.

Jabali la Masasi halina ubichi. Kwa mwamba wa namna hiyo hutakiwa nyundo nzito, kabari na patasi ya chuma. Pengine huwashwa moto juu yake mpaka upasuke. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye siku zizo alikuwa akijenga kanisa la Mkunazini, Unguja, lenye paa la matumbawe yaliyopondwa na saruji, aliwapeleka Masasi watumwa waliokombolewa. Watu hao walihama mji wa tumbawe, wakafika nchi ambayo tezo haifai kitu mbele ya jiwe.

Yafaa sasa tulitazame neno *mwashi*. Latokana na *kuaka*, yaani kujenga kwa mawe, kwa kanuni ile ile ya *pika* na *mpishi*, *andika* na *mwandishi*. Ni umbo la Kibantu halisi. *Nyundo* vilevile, na *mwiko*, uliotoka jikoni ukaingia katika chokaa. *Bikari* ndiyo ngeni, ya Kiajemi kwa njia ya Kiarabu. Neno peke yake halithibitishi nani alijenga nini. Lakini wale waliodai kwamba uashi wote wa pwani uliletwa na wageni wangepaswa kwanza kueleza kwa nini jina la fundi mwenyewe halikuletwa.

Hivyo mtunga kamusi anayeieleza tezo kuwa chombo cha seremala tu ameiacha nusu ya kazi yake huko Kilwa. Hata kitenzi *chonga* hakibagui: mpingo wa Mmakonde na mhimili wa tumbawe vyote huchongwa.